Farao alikuwa na majina matano. Je, Omukama wa Karagwe?

Tuanze na mtihani mdogo. Taja farao mmoja. Najua umeshataja Ramesses, au Tutankhamun, au yule wa Musa ambaye Biblia haimtaji jina. Sasa taja mfalme mmoja wa Karagwe, halafu utaje na jina lake la sifa.

Kimya, eh? Usijali, hauko peke yako. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nkwenda, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniletea daftari lake la historia. Alikuwa amenakili piramidi, hieroglifi, mto Naili, kila kitu. Akaniuliza, "Kaka, hivi sisi huku hatukuwa na farao?" Nikamjibu kwamba tulikuwa na Omukama, na kwamba kutoka hapo Nkwenda hadi Bweranyange, alikokaa Omukama, si safari ya kutisha. Akashangaa. Jina la Rumanyika alilijua, lakini alidhani ni jina la mbuga tu.

Swali lake limenikaa kichwani mpaka leo. Kwa hiyo makala hii ni jibu refu kuliko nililompa siku ile. Tutaanzia Misri, tutarudi Karagwe, na katikati nitakuonesha kitu ambacho wanahistoria wanakitumia kila siku lakini mara nyingi hatufundishwi shuleni: jina la mfalme ni ushahidi. Ukijua kulisoma, linakueleza nani alitawala, lini, kwa nguvu gani, na nani alitaka asahaulike.

Mtu mmoja, majina matano

Kwanza neno lenyewe. "Farao" halikuwa jina la mtu, na mwanzoni halikuwa hata cheo. Kwa Kimisri cha kale lilikuwa *per-aa*, yaani "nyumba kubwa". Lilimaanisha jumba la mfalme. Baada ya karne nyingi watu wakaanza kulitumia kumaanisha mwenye jumba. Kama unaona jambo hilo ni la ajabu, fungua redio usikie: "Ikulu imetoa taarifa." Jengo halitoi taarifa, lakini wote tunaelewa. Na neno *ikulu* lenyewe, lililoingia Kiswahili kutoka kwa Wanyamwezi na majirani zao, limebeba mzizi uleule wa "kuu", ukubwa. Nyumba kubwa kule, mahali pakubwa huku. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana wamefikia wazo moja. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji huko mbele.

Sasa majina. Tumchukue Ramesses wa Pili, aliyetawala miaka 66, kuanzia 1279 hadi 1213 K.K. kwa hesabu inayokubaliwa na wengi. Alipokalia kiti alikuwa na majina matano rasmi:

La kwanza ni jina la Horus, mungu mwewe: "Fahali mwenye nguvu, mpendwa wa Maat". Maat ni haki, ukweli, mambo kuwa sawa.

La pili ni jina la Mabibi Wawili, miungu walinzi wa Misri ya Juu na Misri ya Chini: "Mlinzi wa Misri, anayezitiisha nchi za kigeni".

La tatu ni jina la Horus wa Dhahabu: "Mwingi wa miaka, mkuu wa ushindi".

La nne ni jina la kiti, alilopewa siku ya kutawazwa: *Usermaatre Setepenre*, "Haki ya Ra ina nguvu, mteule wa Ra".

La tano ni jina la kuzaliwa: *Ramesses Meryamun*, "Ra ndiye aliyemzaa, mpendwa wa Amun".

Mawili ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yakiandikwa ndani ya kile kitanzi cha mviringo unachokiona kwenye picha za mahekalu. Vitanzi hivyo ndivyo vilivyomsaidia Mfaransa Jean-François Champollion kufungua siri ya hieroglifi mwaka 1822, kwa sababu alijua kwamba kilichomo ndani ni jina la mtawala.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Ramesses wa Pili hakuwahi kujiita "wa Pili". Hiyo namba tumeiweka sisi, watu wa vitabu. Wamisri wenyewe hawakuwapa wafalme wao namba. Waliokuwa na jina moja la kuzaliwa walitofautishwa kwa jina la kiti. Ukisema *Usermaatre Setepenre*, mwandishi wa ikulu anajua unamzungumzia nani, na si babu yake, Ramesses wa Kwanza, aliyeitwa *Menpehtyre*.

Tena kulikuwa na nasaba nzima, ile ya 12, ambamo majina mawili yalikuwa yakipokezana: Amenemhat, Senusret, Amenemhat, Senusret, Senusret, Amenemhat, Amenemhat. Ukipoteza majina ya kiti, umepotea. Hujui tena nani ni baba na nani ni mjukuu.

Ruhinda, Ntare, Ruhinda, Ntare

Sasa rudi Karagwe. Ninaposema Karagwe hapa usifikirie wilaya ya leo peke yake. Kyerwa, pamoja na Nkwenda yetu, ilimegwa kuwa wilaya yake mwaka 2012. Ufalme wa zamani ulizishika zote mbili, ardhi ya Wanyambo kati ya mto Kagera na nchi za Wahaya.

Masimulizi yanasema kabla ya Wahinda alitawala Nono, wa ukoo wa Wasiita. Kisha akaja Ruhinda, mtoto wa Wamara wa Wachwezi na mama aitwaye Njunaki, akachukua nchi, na kizazi chake kikaitwa Abahinda. Baada yake, orodha ya wafalme inaenda hivi: Ruhinda, Ntare, Ruhinda, Ntare, tena na tena, mpaka baadaye yanapoingia majina mengine kama Rusatira, Mehinga, Kalemera, halafu Ndagara, halafu mwanawe Rumanyika.

Umeliona? Ni kama Amenemhat na Senusret. Majina mawili yanapokezana kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Ntare ni simba, *entare*. Msemaji yeyote wa Kinyambo, Kihaya au Kinyankore analisikia mara moja. Na John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Karagwe Novemba 1861, aliandika simulizi alilolipata huko kuhusu babu yake Rumanyika, ambaye yeye anamwita "Rohinda wa Sita". Mfalme huyo aliishi muda mrefu mno mpaka watu wakadhani hatakufa. Mwisho akaona anamchelewesha mwanawe, akatumia dawa akajiondoa mwenyewe. Mwili ukapelekwa kilimani, na kutoka moyoni mwake akatoka mwanasimba, akakilinda kilima, na simba wengine wakazaliwa kutoka kwake.

Speke aliandika kisa hicho kama kichekesho cha washenzi. Lakini hebu kisome tena ukijua majina. Kutoka kwa Ruhinda aliyekufa anatoka simba. Katika nchi ambayo kwa vizazi vingi baada ya Ruhinda alikuja Ntare, kisa hicho kinasema kitu kinachoeleweka kabisa: mfalme akifa, ufalme haufi, unabadilika sura tu. Wamisri walisema jambo hilohilo kwa namna yao: farao aliye hai ni Horus, farao aliyekufa ni Osiris, na Horus ni mtoto wa Osiris.

Jirani zetu Rwanda waliliweka jambo hili katika mpango mkali zaidi. Majina ya kifalme yalizunguka kama gurudumu: Mutara au Cyirima, kisha Kigeri, kisha Mibambwe, kisha Yuhi, halafu unaanza upya. Angalia hawa wa karibu: Kigeri wa Nne Rwabugiri, Mibambwe wa Nne Rutarindwa, Yuhi wa Tano Musinga, Mutara wa Tatu Rudahigwa, Kigeri wa Tano Ndahindurwa. Kila jina la gurudumu lilikuwa na kazi yake. Kigeri na Mibambwe walitarajiwa kuwa wafalme wa vita. Mutara na Cyirima walihusishwa na ng'ombe. Yuhi alikuwa mlinzi wa moto wa kifalme na hakutakiwa kuvuka mto Nyabarongo. Yaani jina lilikuwa kama mkataba wa kazi, unaupokea siku unapokalia kiti.

Namba ni yetu, sifa ni yao

Sasa swali la mwanahistoria: kama kuna Ruhinda wengi na Ntare wengi, watu waliwatofautishaje, ilhali hakuna aliyesema "wa Tatu" wala "wa Nne"?

Jibu ni lilelile la Misri. Jina la pili. Huku kwetu ni jina la sifa, na mara nyingi linafuatwa na jina la mzazi.

Chukua Ntare wa Nkore, ufalme jirani kaskazini ya Kagera, ambao nao ulitawaliwa na Wahinda. Vitabu vinamwita Ntare wa Nne. Watu wake walimwita *Ntare Kiitabanyoro*. *Kwita* ni kuua, Banyoro ni Wanyoro. Simba aliyewaua Wanyoro, kwa sababu jeshi la Bunyoro lilipigwa wakati wake. Huhitaji namba hapo. Jina lenyewe limekueleza nani, wapi na kwa nini anakumbukwa.

Au mchukue Muteesa wa Buganda, rafiki na jirani mkubwa wa Rumanyika. Kabla ya kuitwa Muteesa, mtu wa kushauriana na kupanga mambo, aliitwa Mukaabya, mwenye kuwaliza watu. Mtu mmoja, majina mawili, sera mbili. Kiongozi wa leo angeajiri kampuni ya matangazo kwa kazi hiyo.

Lakini kuwa makini, kwa sababu jina la sifa linaweza pia kukudanganya. Ruhinda wa kwanza anaitwa *Kizarabagabe*. *Kuzara* ni kuzaa, *abagabe* ni wafalme. Mzaa wafalme. Ni jina zuri, ila fikiria: utamwitaje mtu mzaa wafalme kabla wanawe hawajatawala? Masimulizi yanasema wanawe walienda kutawala Nkore, Buzinza na sehemu za Buhaya. Kwa hiyo jina hili limetungwa baadaye, na watu waliokuwa wakiangalia nyuma, na waliokuwa na sababu ya kusema kwamba falme hizi zote ni ndugu. Jina linatupa habari za kweli, lakini ni habari za walioliita, si lazima za aliyeitwa.

Hapa ndipo hesabu za tarehe zinapokuwa ngumu. Wanahistoria wa Maziwa Makuu walizoea kuhesabu vizazi na kukipa kila kizazi miaka 27 hivi. Jaribu mwenyewe: vizazi 15 mara 27 ni miaka 405. Ukitumia 20 badala ya 27, unapata 300. Tofauti ni zaidi ya karne moja! Na hapo tumedhania kila mfalme alirithi kwa baba yake. Wakirithishana ndugu, vizazi vinapungua. Na kama Ruhinda mmoja amehesabiwa mara mbili kwa sababu jina lake la sifa limepotea, tumeongeza miaka ambayo haikuwahi kuwepo. Mwaka 1974 David Henige alitoa kitabu kizima cha kuonya kuhusu orodha za wafalme zinazorefuka namna hii. Mwaka uliofuata, 1975, Israel Katoke alichapisha historia yake ya Karagwe, akiuanza ufalme karibu na 1400. Ukivisoma vyote viwili unajifunza kwamba tarehe ya mwanzo wa ufalme si kitu unachokariri, ni kitu unachokijadili.

Misri nayo ina matatizo hayahaya, pamoja na mawe yake yote. Hekalu la Seti wa Kwanza kule Abydos lina orodha ya majina 76 ya wafalme. Hatshepsut hayumo. Akhenaten hayumo. Tutankhamun hayumo. Si kwamba waandishi walisahau. Waliruka kwa makusudi.

Rumanyika kwa masikio ya wageni

Sasa tumtazame mfalme wetu mmoja kwa karibu.

*Rumanyika*. Ndani yake kuna mzizi *-many-*, kujua, uleule ulio kwenye *okumanya*. *-manyika* ni kujulikana. Na hiyo *Ru-* ya mwanzo unaifahamu hata kama hujui Kinyambo, kwa sababu umesoma darasa moja na akina Rweyemamu na Rugemalira. Ni kiambishi kinachokuza, kinachotangaza ukubwa. Jina lake la sifa ni *Orugundu*. Rumanyika Orugundu, mwana wa Ndagara.

Baba yake alipofariki katika miaka ya 1850, kiti kiligombaniwa na ndugu. Mpinzani mkubwa aliitwa Rwegira. Rumanyika mwenyewe alimsimulia Speke jinsi alivyoshinda: ndugu waliwekewa ngoma ndogo yenye dawa, wakaambiwa wainyanyue. Wenzake walishindwa kabisa. Yeye aliinyanyua kwa kidole kidogo.

Hiyo ndiyo habari ya ikulu. Habari ya sokoni ilikuwa nyingine. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa Kaze, ndiyo Tabora ya leo, alikuwa na pembe za ndovu na faida kubwa Karagwe, akamuunga mkono Rumanyika. Pembe zikapelekwa Buganda kwa Suuna ili jeshi lije kusaidia. Wakaja, Rwegira akashindwa.

Ipi ni kweli, ngoma au pembe? Mimi nadhani swali hilo limekaa vibaya. Pembe zilimpa ushindi, ngoma ikampa haki. Ramesses naye alisema Ra amemteua, na wakati huohuo alikuwa na magari ya vita. Hakuna mfalme aliyewahi kuandika kwenye jina lake "aliyesaidiwa na wafanyabiashara".

Jina hilo lilisafiri vipi? Richard Burton, ambaye hakufika Karagwe bali alisikia habari zake akiwa Kaze mwaka 1858, aliandika *Armanika*. Speke aliyekaa naye ana kwa ana aliandika *Rumanika*. Ndagara akawa *Dagara*. Bweranyange, jina ambalo ndani yake unasikia weupe na *enyange*, ndege ambaye Kiswahili kinamwita yangeyange, likawa *Weranhanjé*. Usicheke sana. Makosa hayo ni mali. *Armanika* ya Burton inatuonesha jina lililopita midomo kadhaa ya njia ya msafara kabla ya kufika kwenye karatasi. *Rumanika* ya Speke inatuonesha mtu aliyesikia kwa sikio lake, ila hakuwa na "ny" mdomoni.

Ndivyo wataalamu wa Misri wanavyofanya kazi. Hieroglifi haziandiki vokali, kwa hiyo hatujui kwa hakika *Usermaatre* lilitamkwaje. Lakini Wahiti, waliofanya mkataba wa amani na Ramesses, waliliandika kwa mwandiko wao wenye vokali, kitu kama *Washmuaria*. Na Wagiriki karne nyingi baadaye walilifanya *Ozymandias*. Ndiyo, huyo Ozymandias maarufu ni Ramesses yuleyule, jina la kiti lililopondwa na masikio ya wageni, kama *Weranhanjé*.

Alikuwa mtawala wa namna gani huyu Rumanyika? Wageni wote walimsifu kwa upole. James Grant alipougua mguu vibaya, Speke akamwacha Karagwe Januari 1862 akaenda Buganda, na Grant akabaki mikononi mwa Rumanyika mpaka Aprili. Mwaka 1876 akafika Henry Morton Stanley, na yeye akaoneshwa nyumba ya hazina ya mfalme: mikuki, sanamu za ng'ombe na za ndege za chuma, shaba nyeupe na shaba nyekundu. Wanaakiolojia waliochunguza ufundi wa chuma wa Karagwe wanatuambia vitu hivyo havikuwa mapambo tu. Chuma na ng'ombe ndizo nguzo mbili za ufalme, mhunzi na mfugaji, Wasiita wa Nono na Wahinda wa Ruhinda, wote ndani ya nyumba moja. Hata cheo chenyewe, *Omukama*, watu wengi hukifafanua kwa kitendo cha *kukama*, ambacho Kiswahili nacho kinacho: kukama ng'ombe, kutoa maziwa.

Onyo: kufanana si kuzaliana

Msomaji wangu, naomba usimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanateleza.

Nimelinganisha Karagwe na Misri ukurasa mzima. Kuna atakayeruka kusema: "Basi ndo maana! Wahinda walitoka Misri!" Nimeyasikia haya kwenye daladala, msibani, hata kwa watu wenye shahada. Hapana. Na ni muhimu kujua wazo hilo limetoka wapi, kwa sababu sehemu kubwa limetokea palepale Bweranyange.

Speke alipomwona Rumanyika, mfalme mpole, mwenye akili, wa nchi yenye utaratibu, hakuweza kukubali kwamba hayo ni matunda ya Waafrika wa hapo. Akamweleza Rumanyika mwenyewe kwamba asili ya watu wake ni Uhabeshi. Kisha katika kitabu chake cha 1863 akaandika sura kuhusu Wahuma na nadharia ya jamii ya juu kuishinda jamii ya chini. Baadaye ikaitwa nadharia ya Wahamiti: kwamba kila kizuri Afrika kimeletwa na watu kutoka kaskazini. Utawala wa kikoloni ukaichukua, shule zikaifundisha, vitambulisho Rwanda vikaandikwa kabila kwa kuifuata.

Mwaka 1994 wauaji Rwanda waliihubiri nadharia hiyohiyo upande wa pili: kwamba Watutsi ni wageni, warudishwe walikotoka, kwa njia ya mto. Nyabarongo unaingia Kagera, na Kagera unapita mpakani kwetu. Wazee wa vijiji vya kando ya mto wanakumbuka mto ulileta nini mwaka ule. Sihitaji kueleza zaidi. Nadharia iliyoanza kama maongezi ya mgeni na mwenyeji wake kwenye jumba la Omukama ilifika hapo.

Ndiyo maana mwanzoni nilikuambia ukumbuke lile neno *ikulu*. Hakuna aliyemfundisha Mnyamwezi kuita makazi ya mtemi kwa neno la ukubwa, na hakuna aliyemfundisha Mmisri. Watu wanaojenga falme wanakutana na matatizo yaleyale: mfalme akifa nchi isife, ndugu wasiuane, majina yasichanganyike. Suluhisho zikifanana, ni kwa sababu matatizo yanafanana.

Kuna kiungo kimoja tu cha kweli kati ya Nkwenda na Luxor, nacho ni maji. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Tone linaloanguka Kyerwa linaweza kupita Jinja, Juba, Khartoum, na hatimaye chini ya mahekalu ya Ramesses. Lakini maji hayo yanatoka kwetu kwenda kwao.

Lile jina la pili

Sasa nirudi kwa yule mwanafunzi na mbuga yake.

Kwa miaka mingi kulikuwa na pori la akiba liitwalo Rumanyika Orugundu. Mwaka 2019 lilipandishwa hadhi likawa hifadhi ya taifa, na sasa jina lake ni Rumanyika-Karagwe. Ni heshima kubwa, na sina ugomvi nayo. Watalii wanahitaji kujua ni wapi. Ila angalia nini kilidondoka njiani: *Orugundu*.

"Ni neno moja tu," utasema. Lakini umesoma mpaka hapa, unajua kazi ya neno hilo. Wakati wa Waingereza kulikuwa na Rumanyika mwingine kwenye kiti cha Karagwe. Bila jina la sifa, huyu aliyempokea Speke na yule aliyefanya kazi chini ya mkoloni wanaanza kuwa mtu mmoja kwenye vichwa vya watoto. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu, na pamoja na mamlaka, zile shughuli ambamo majina ya sifa yalitamkwa hadharani zikapungua. Misri iliandika kwenye jiwe, na hata hivyo mtu mwenye patasi aliweza kumfuta Hatshepsut. Sisi tuliandika kwenye midomo ya watu. Patasi yetu ni kunyamaza.

Kwa hiyo nilimpa yule mwanafunzi kazi ya nyumbani, na wewe nakupa hiyohiyo. Kama una mzee nyumbani, iwe Nkwenda, Isingiro, Kayanga au Mbeya huko, mwulize majina yote ya babu yake. Si jina la kwenye kitambulisho tu. Mwulize lile aliloitwa akisifiwa, na kwa nini, na nani alimpa. Andika kama linavyotamkwa, "ny" na zote. Andika na tarehe uliyomwuliza.

Wiki iliyofuata alirudi na daftari. Ukurasa wa piramidi ulikuwa palepale. Ukurasa unaofuata alikuwa ameandika majina manne ya babu wa babu yake, kwa penseli, na mbele ya moja aliweka alama ya kuuliza kwa sababu bibi na mjomba hawakukubaliana.

Nikamwambia aiache hiyo alama ya kuuliza. Hapo ndipo ameanza kuwa mwanahistoria.